Simu ikikupigia kelele kwamba ina virusi, usikimbilie kwa fundi

Kila msimu wa bonasi ya chai ukikaribia, ushauri unaotolewa kuhusu usalama wa pesa ni ule ule: usimpe mtu PIN yako. Ni ushauri mzuri na tutaendelea kuurudia. Lakini kuna mtego ambao hauanzi na mtu kukuomba PIN. Unaanza na simu yako mwenyewe kukupigia kelele.

Chukulia uko Kapsoit, jioni, majani umeshapeleka kituoni, na sasa unatafuta mahali pa kutazama mechi bure. Unafungua ukurasa, unabonyeza mahali, na ghafla kioo chote kinakuwa chekundu. Ati simu yako ina virusi 13. Ati laini yako itaharibika na umebakiza dakika mbili. Ukirudi nyuma, ukurasa unarudi nawe. Ukifunga dirisha moja, lingine linatokea. Ni kama simu imetekwa.

Msimamo wetu ni huu: onyo hilo ni uongo, na halijagusa pesa yako. Kitakachoigusa ni kile utakachofanya wewe katika dakika tano zinazofuata.

Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kupekua simu yako na kuhesabu virusi. Ni kama mtu aliyesimama nje ya lango akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, na hajaingia ndani kuona. Wengi huamini kwa sababu onyo linataja aina ya simu yao na hata mji. Hakuna uganga hapo. Kivinjari hujitambulisha kwa kila ukurasa kinaoufungua, na mji unakisiwa kutokana na mtandao unaotumia. Ndiyo maana huenda likasema uko Nairobi na wewe umekaa Kapsoit.

Basi hatari iko wapi? Iko mahali patatu.

Kwanza ni ile "dawa" unayoambiwa upakue. Hiyo ndiyo inaweza kuwa virusi yenyewe. Programu ya namna hiyo ikiomba ruhusa ya kusoma SMS zako na ukakubali, itaona namba za siri zinazotumwa na benki, na jumbe zako zote za pesa. Pili ni namba ya simu unayoambiwa upige, hasa ukiwa kwenye kompyuta ya saiba. Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao ya kweli hayaweki namba ya simu.

La tatu halisemwi sana: kumkabidhi fundi simu. Mafundi wengi ni watu waaminifu. Lakini mtu mwenye hofu humwachia fundi simu, laini ikiwa ndani, na PIN juu yake, "ili aangalie kama pesa iko sawa." Halafu simu inafutwa kila kitu, picha za watoto zinaenda, na unalipia kazi ambayo ungeimaliza mwenyewe bila shilingi. Kama ni lazima simu ibaki kwa fundi kwa sababu yoyote ile, toa laini uende nayo. PIN haihusiani na matengenezo.

Kazi yenyewe ni hii. Usibonyeze kitu chochote ndani ya onyo, hata alama ya kufunga, kwa sababu nayo inaweza kuwa mchoro tu. Zima data. Fungua orodha ya programu zinazoendelea na uondoe kivinjari. Kikigoma, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chagua kivinjari na ubonyeze "Force stop". Kifungue tena data ikiwa bado imezimwa: ukurasa hautapata nguvu ya kupakia upya, nawe utaufunga kwa utulivu. Kwenye kompyuta, shika Esc kwa muda kioo kirudi kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na ukizime kivinjari kutoka kwenye orodha.

Maonyo yakiendelea kuchomoza hata baadaye, yamkini kuna ukurasa uliwahi kukuuliza swali ukabonyeza "Allow". Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uuzime ukurasa huo. Na kama bado una wasiwasi, fungua Play Store, bonyeza picha yako, ingia Play Protect na uiambie ikague simu. Ni bure.

Lakini kama ulishaweka PIN mahali, au ulishapakua ile programu, usingoje kesho. Zima data, chukua simu ya mtu unayemwamini, na upige namba ya huduma kwa wateja unayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye onyo. Omba akaunti izuiwe kwanza. Kuifungua tena ni kazi ndogo, kurudisha pesa iliyokwenda ni kazi kubwa.

Hapa ndipo tunataka kusema jambo kwa kila nyumba. Tusiwacheke waliodanganywa. Mwaka 2019 huko Marekani, kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya serikali kuzishtaki kwamba ziliwadanganya wateja kwa ukaguzi wa kompyuta ulioonyesha dalili za virusi ambazo hazikuwa na msingi. Hao ni wateja walioingia dukani kwa miguu yao. Kumbe hofu haiangalii elimu wala mji.

Kicheko ndicho kinamfanya mama anyamaze siku mbili kabla ya kumwambia mwanawe kwamba kuna kitu alibonyeza. Siku mbili zinatosha pesa ya majani ya mwezi mzima kuhama. Kijana unayejua simu, leo jioni mwonyeshe mzazi wako jinsi ya kuzima data na kufunga kivinjari, na umwambie kwamba siku simu ikimtisha, akuite mapema bila aibu.

Pesa iliyolala kwenye simu haiponi kwa haraka. Onyo likisema umebakiza dakika mbili, zitumie kuzima data.