Kitanzi Kipimwe Kikiwa Kimefungwa

Tangu 2004 gesi ya Songo Songo hupita chini ya bahari hadi Somanga, kisha kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwanafunzi wa elektroniki kutoka Tingi, humohumo wilayani Kilwa, anaijua vizuri njia hiyo. Kazi ya kusafirisha gesi namna hii ina vipimo vya shinikizo na joto, na vipimo vina kebo ndefu. Kebo ya mita 100, yenye pikofaradi 100 kwa kila mita, huitwika amplifaya nanofaradi 10. Saketi iliyotulia mezani huweza kuanza kutetema ikifika huko, kwa sababu mrejesho wake sasa unachelewa.

Ndiyo maana toleo hili tumelitoa kwa swali moja: uthabiti wa saketi kama hiyo tuupime kwa njia gani kwenye kompyuta kabla ya kushika chuma cha kulehemu?

Wengi tulifundishwa kukata kitanzi cha mrejesho: koili kubwa kupita kiasi ipitishe mkondo mnyoofu, kapasita kubwa kupita kiasi iingize ishara. Pale ambapo ukinzani mdogo unalisha ukinzani mkubwa, jibu lake linakubalika. Kwingineko linapotosha. Ukikata, upande mmoja unapoteza mzigo uliokuwa ukibebeshwa na upande wa pili, na mzigo huo hubadilika sana kwenye masafa ya juu, hasa pale ukingo wa fezi, yaani kipimo cha uthabiti wa kitanzi, unaposomwa.

R. D. Middlebrook alionyesha mwaka 1975 kwamba hakuna haja ya kukata. Ingiza volteji, kisha mkondo, mahali palepale, uunganishe majibu yote mawili. Michael Tian na wenzake, mwaka 2001, wakaingiza pia katika hesabu ishara inayopita kinyumenyume. Njia yao inafanyika kwenye LTspice, programu ya bure, na sisi tunaitetea iwe ya kwanza kufundishwa vyuoni.

Haimalizi kazi, lakini. Kitanzi cha nje huweza kuonyesha ukingo wa digrii 60 safi huku cha ndani kikitetema. Tena uchambuzi wa ishara ndogo hauioni amplifaya inapogonga kikomo cha volteji yake. Hiyo utaiona ukibadilisha mzigo ghafla na kutazama wimbi kwa wakati, kwa kebo fupi na kwa kebo ndefu.

Kuanzia sasa, makala itakayotuletea ukingo wa fezi itaje pia njia iliyotumika, mahali ishara ilipoingizwa, na mizigo yote iliyojaribiwa. Isiyotaja tutairudisha kwa mwandishi.