Zoezi la Jambia Halitaki Rafiki Mwongo

Sote tumeona sinema. Adui anamrukia steringi na kisu, steringi anadaka mkono, anauzungusha kidogo, kisu chini, adui chali. Nasi tunapiga makofi. Maoni yangu ni kwamba wengi wanaojifunza mapigano ya jambia ya Ulaya ya kale hufanya mazoezi kama wacheza sinema, na hiyo ni hatari tupu.

Mapigano hayo si hadithi. Mwalimu mmoja Mwitaliano, Fiore dei Liberi, aliandika kitabu cha michoro mnamo mwaka wa 1410 hivi, akamtunukia Niccolò wa Tatu d'Este, mtawala wa Ferrara. Nakala moja imo katika makumbusho ya Getty, Los Angeles, na picha zake zaonekana kwa kompyuta. Jambia lenyewe si lile lililopinda la Waarabu wa Oman. Ni chuma kirefu kilichonyooka, kazi yake kudunga. Aghalabu mpini una kisahani cha mviringo juu na chini ili mkono usiteleze. Askari waliovaa mavazi ya chuma walidungana nalo penye mianya.

Naam, Fiore anafundishaje? Mtu mwenye taji anaonyesha dawa ya pigo. Kwa mfano, jambia likitoka juu, anakamata kifundo cha adui kwa mkono wa kushoto, anakizungusha upande wa kushoto mpaka jambia lianguke. Kisha huja wanafunzi wake, wamefunga utepe chini ya goti, wanaiendeleza dawa: kuvunja mkono, kuufunga, kumwangusha adui. Lakini hayaishii hapo! Mara nyingi huja mwingine mwenye taji na utepe pia, na kazi yake ni kuiharibu dawa ile. Kumbe yule aliyeshikwa hakukubali!

Sasa tazama mazoezi ya siku hizi. Watu wawili, majambia ya mbao au mpira. Mmoja anatoa pigo, kisha anaacha mkono hewani akingoja, kama mgonjwa anayepimwa presha. Mwenzake anashika, anazungusha, wanacheka, wanabadilishana. Mara hamsini! Wengine hata hawalengi kifua, wanalenga kando ya bega, eti wasimwumize rafiki. Huo ni wema gani, jamani? Mwenye jambia la kweli haachi mkono pale. Anaurudisha na kudunga tena na tena.

Nilijaribu na binamu yangu kwa rula tulizozifunga kitambaa. Alipouacha mkono hewani, nilimnyang'anya kila mara. Nilipomwambia aurudishe upesi, katika mapigo kumi nilikamata mawili tu.

Najua kuna walimu watakaouliza, kwani haya ya visu yatawafaa nini wanafunzi? Swali zuri. Lakini anayetisha zaidi si yule aliyefunzwa vizuri, ni yule aliyedanganywa mara hamsini akaamini ameweza. Siku akikutana na kisu njiani, badala ya kutoa mbio atanyoosha mkono. Aliyekosa mapigo manane kati ya kumi mbele ya rafiki yake atakimbia, tena bila haya.

Wengine husema mgeni lazima aanze taratibu. Sikatai, ila polepole si uongo. Pigo liende polepole, lakini liende kifuani, na mtu asiposhika limguse. Akishazoea, mwenzake aanze kuurudisha mkono. Halafu aruhusiwe kuiharibu dawa, kama yule mwenye taji na utepe. Kupigana huru kuje mwisho, na hapo pasiwe na mchezo: kinyago cha uso na glavu nene kwanza. Kiwiko kikibanwa, aliyebanwa agonge mara mbili, na mwenzake aachilie papo hapo.