Gofu Haitaki Nguvu, Yataka Utaratibu

Mtu apitaye karibu na kivuko cha Likoni wakati wa jioni huwaona wachezaji wa gofu wakipambana na upepo wa baharini. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, na uwanja wake una mashimo 9. Huko Nyali nako kuna uwanja wa mashimo 18, wa klabu iliyoanza mwaka 1956. Ni miaka mingi sasa, lakini vijana wengi wa mitaa yetu wameujua mchezo huu kwa njia moja tu, nayo ni kuibeba mifuko ya watu wengine.

Ukiwauliza wazee sababu, watakujibu kwamba gofu ni mchezo wa wakubwa, na kwamba klabu ni mahali pa ulevi na kamari. Neno lao si la kupuuzwa. Ulevi ni haramu na kamari ni haramu, iwe kwenye gofu, karata au bao. Lakini je, kosa hilo ni la mpira na fimbo, ama ni la mtu? Kandanda nayo watu huiwekea pesa, wala hatujawazuia watoto wetu kuicheza.

Mimi naona kuna sababu nyingine ituwekayo mbali, nayo ni kudhani kwamba gofu ni nguvu na mali. Kijana akishika fimbo kwa mara ya kwanza huipiga hewa kama mtu akataye kuni, mpira ukabaki pale pale, watu wakacheka, naye asirudi tena. Hakuna aliyemwambia kwamba haraka haraka haina baraka.

Msingi wa kwanza ni kushika. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto huwa juu na wa kulia chini yake, na fimbo hukaa zaidi kwenye vidole kuliko kiganjani. Ishike kama ushikavyo kifaranga: asiponyoke, wala asife. Anayeikaba fimbo hukaza mikono hadi mabega, na bega lililokazwa halizunguki.

Pili ni kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, na mstari wa vidole vya miguu uwe sambamba na njia ya mpira. Wengi hulaumu fimbo, kumbe tangu mwanzo wamesimama upande.

Tatu ni mzunguko wenyewe. Mabega yageuke, uzito uende mguu wa kulia, kisha kiuno kianze kurudi kabla ya mikono, na mwisho mtu awe amesimama juu ya mguu wa kushoto bila kuyumba. Ukimaliza pigo nawe huwezi kusimama ukahesabu hadi tatu, jua ulitumia nguvu usizokuwa nazo.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi. Tupige hesabu. Katika uwanja wa mashimo 18 ambao kipimo chake ni mapigo 72, kila shimo hukadiriwa mapigo mawili ya kusukuma mpira juu ya majani mafupi. Hayo ni mapigo 36, nusu kamili! Na mapigo hayo hayahitaji kifua kipana. Mzee wa miaka 60 aweza kumshinda kijana wa miaka 20 hapo. Mabega na yabembee kama timazi ya saa ya ukutani, na mpira ukiwa mbali na shimo, fikiri kwanza umbali, ndipo ufikiri njia.

Ukiwa nje kidogo ya majani hayo, weka uzito mguu wa kushoto, mikono itangulie mbele ya mpira, upige chini chini uachie mpira ubingirike. Kwetu pwani, kusi ikivuma, mpira wa chini ndio wenye amani. Na ukiangukia shimo la mchanga usiuguse mpira. Piga mchanga kiasi cha sentimita 5 nyuma yake, na usisite katikati. Mchanga ndio utakaoutoa.

Kuhusu mchanga, yafaa tumkumbuke Severiano Ballesteros, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Pedreña, Uhispania. Alijifunza kwa fimbo moja ya chuma, namba 3, akipiga mpira ufuoni mwa bahari. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open hapa kwetu, na mwaka uliofuata akashinda mashindano makuu ya Uingereza. Fimbo moja na ufuo! Sisi tuna ufuo kutoka Vanga hadi Kiunga.

Kwa hivyo nasema hivi. Klabu na ziwatengee watoto wa mitaani pembe ya kujifunzia, walau siku moja kwa wiki, na hao wabebaji mifuko wapewe nafasi ya kucheza, kwani wanaujua uwanja kuliko wenye mifuko. Wazazi nao wasiufunge mlango. Mashimo 9 huchukua kama saa mbili. Aliyekwisha kusali Alasiri akaanza saa kumi, atamaliza kabla ya adhana ya Maghribi, na ikiwa bado hajamaliza, fimbo na iwekwe chini, shimo halikimbii.

Dini yetu yatutaka tukifanya jambo tulifanye vizuri. Gofu humfunza kijana subira, na zaidi humfunza ukweli, maana mara nyingi mchezaji hujihesabia mapigo yake mwenyewe, pasipo wa kumwona ila Mola wake. Mchezo wa namna hiyo si wa kuachiwa wengine.