Tusimwache Mkulima Baada ya Msimu Mmoja

Ukianza safari alfajiri ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, juu ya Manyatta katika kaunti ya Embu, ukateremka hadi Siakago na Ishiara, utakuwa umepita nchi tatu kabla jua halijawa kali. Juu ni majani chai na ukungu. Chini kidogo ni kahawa, migomba na ng'ombe wa gredi. Kisha udongo hubadilika rangi, miti huota miiba, na hapo umeingia Mbeere. Meru nako ni vivyo hivyo: wa Imenti ya juu hulalamikia baridi, na wa Tigania ya chini hutazama mawingu yakimpita. Lakini mashauri ya kilimo tunayowapelekea watu hawa, mara nyingi ni karatasi ile ile moja.

Miaka hii haikutuhurumia. Tangu mvua za Oktoba 2020 hadi zile za mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo iliwavunja moyo wakulima wa sehemu kavu za Kenya. Haukupita mwaka, mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Nino, na Aprili 2024 mafuriko yakaua watu na kukata barabara. Mtu aliyekosa tone jana, leo anauona udongo wa shamba lake ukiondoka. Udongo huo una safari yake. Wa Embu hushuka na mto Rupingazi hadi mto Thiba, na Thiba huumimina katika bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa ya Tana yanayotupa umeme. Kwa hiyo hata wewe uliyeketi Nairobi chini ya taa yako, jambo hili lakuhusu.

Nimesikia ikisemwa mikutanoni kwamba mkulima mdogo ni mkaidi, amefundishwa na hasikii. Neno hilo linaniuma, maana si kweli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwalimu wa kilimo akikosea, mshahara wake huingia mwisho wa mwezi. Mkulima wa ekari mbili akikosea, watoto wanalala njaa. Kusitasita kwake ni akili. Tena historia yetu inatuonya. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba makingamaji kwa amri na faini, hata mwaka 1948 wanawake wa Murang'a wakakataa kazi hiyo waziwazi. Makingamaji yenyewe hayakuwa mabaya. Ukambani, wakulima walipoyachukua kwa hiari yao, yalienea vilima kwa vilima, na ile mbinu ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro ikajulikana katika vitabu vya kilimo vya dunia kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapa hapa Embu. Miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha kilimo cha Embu, pamoja na wenzao wa misitu na wa kilimo mseto, waliwapa wakulima mti mdogo wa Amerika ya Kati uitwao kaliandra. Hawakuwachorea mistari ya kuupanda. Wakulima walichagua wenyewe: huyu kwenye ukingo wa kingamaji, yule kando ya ua, mwingine chini ya migrevilea yake ambako hakuna kilichokuwa kikiota. Hawakulazimika kupunguza shamba la mahindi. Ikaonekana kwamba kilo 3 za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani kwa ng'ombe wa maziwa. Miti 500 hivi humtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima, akipewa kilo 6 kwa siku.

Nenda ukasimame kwenye zizi moja la Runyenjes jioni uone. Mama anakuja na panga na kamba, anakata matawi kwa urefu wa kiuno chake ili kisiki kichipue tena, anafunga mzigo, anautupa horini. Ng'ombe anaacha nyasi za nepia na kuyafuata yale majani madogo madogo. Pesa ambayo ingekwenda dukani imebaki kwenye leso. Na mizizi ya miti ile ile imeshika ukingo wa kingamaji, mvua ya Aprili isiubomoe. Mama huyu hakupanda kaliandra kwa ajili ya tabianchi. Aliipanda kwa ajili ya maziwa, na udongo ukapona humo humo. Wanaotaka kumsaidia mkulima waanze na maziwa.

Chini, Mbeere na Tharaka, mambo ni magumu zaidi na sitaki kuyarahisisha. Watu wanashauriwa kuchimba mashimo ya zai, ujuzi wa Burkina Faso ambako marehemu Yacouba Sawadogo alifufua nao ardhi iliyokufa. Huku wengine huchimba futi 2 kila upande, hurudishia udongo wa juu uliochanganywa na samadi, kisha hupanda mahindi. Shimo hilo hukusanya maji mvua ikiwa haba, na huyazuia yasikimbie na udongo mvua ikiwa kubwa. Faida yake naijua. Lakini anayechimba ni nani? Ni mwanamke mmoja na jembe, katika udongo uliokauka kama tofali. Basi tusimwambie achimbe ekari nzima. Achimbe kipande cha karibu na jiko mwaka huu, na aongeze mwakani, kwa kuwa shimo likishachimbwa hutumika misimu kadhaa.

Mtama nao tunausifu sana kwa kuvumilia ukame, kisha tunashangaa watu wakirudi kwenye mahindi. Tumesahau ndege. Zamani watoto walikaa shambani kuwafukuza. Sasa wako shuleni, na ni haki yao kuwa huko. Basi jirani na jirani wapande siku moja, mtama ukomae pamoja, na zamu ya kuwinga ndege wagawane. Ndengu na kunde hazina taabu hiyo, na ndengu ina soko. Wengi wamekimbilia muguka, jani la kutafunwa kama miraa, kwa sababu huvumilia jua na kuleta shilingi kila wiki, nami siwalaumu. Ila Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku, waliotegemea jani hilo peke yake walikaa roho juu.

Nanyi viongozi wa kaunti, Katiba ya 2010 iliwakabidhi kilimo. Gunia la mbolea liliposhushwa hadi shilingi 2,500 mwaka 2023 tulishukuru, lakini udongo wa miteremko hii una asidi, na DAP mwaka baada ya mwaka huizidisha. Upimeni kwanza, leteni chokaa panapotakiwa. Mpeni afisa wa nyanjani petroli ya pikipiki, na arudi kwenye shamba lile lile msimu wa pili na wa tatu, hasa pale zao lilipokufa. Mbegu ya ndengu iwe madukani Siakago na Kiritiri mwezi Septemba, isije Novemba watu wameshapanda. Nanyi mnaoleta miradi kwa magari na mabango, msihesabu waliohudhuria semina. Hesabuni mashamba ya majirani ambao hamkuwaalika lakini wakaiga.

Na wewe mkulima mwenzangu, usingoje gari la mtu. Julai kuna nafasi ya kitalu, na miche itakuwa tayari kwa mvua za Oktoba. Nenda kwa jirani mwenye kaliandra, mwombe mbegu kiganja kimoja. Ganda lake ni gumu, kwa hiyo iloweke kwenye maji siku mbili kabla ya kuiatika.