Simu ya video ikikatika, usikimbilie kununua mega

Mwezi uliopita, mwajiri wangu wa Ubelgiji aliniuliza kama kweli naweza kuendelea na kazi. Mkutano ulikuwa umekatika mara tatu. Kwetu Lubumbashi, tunalaumu mtandao haraka, kisha tunanunua mega zingine. Nilinunua. Mikutano ikaendelea kukatika.

Kosa letu liko hapo. Mega ni kiasi cha data, si kasi. Tena kwa mkutano wa video, kasi ya kupokea peke yake haitoshi: sura na sauti yako vinapaswa kutoka pia, na mara nyingi kasi ya kutuma ndiyo ndogo. Filamu hutazamwa bila shida kwa sababu sehemu yake hupakuliwa mapema. Mazungumzo hayana nafasi hiyo.

Kwa hiyo pima kasi ya kutuma, kwanza karibu na modemu, kisha pale unapofanyia kazi. Ikiwa chumbani inashuka, kuta za matofali zinazuia wifi, na waya wa mita chache utakusaidia kuliko mega za wiki nzima. Ikiwa ni mbaya kotekote, zungumza na anayekuuzia. (Umeme ukienda, hilo ni jambo lingine.) Kwangu, simu za watoto ndizo zilikuwa zinatuma picha mtandaoni zenyewe, saa ileile ya mkutano.

Lakini waajiri nao wasikilize. Kuzima kamera hupunguza mzigo sana, na sauti inabaki. Kazi ya kutafsiri haihitaji sura yangu. Nimeomba ruhusa hiyo. Bado nasubiri jibu.