Udongo Una Walimu Wake

Wazee wetu walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo twapenda kuitumia methali hiyo katika habari ya kilimo, kwa maana ziko jamaa mbili za wakulima nchini mwetu ambazo twaona zingefaidiana sana kwa kutembeleana.

Jamaa ya kwanza ni Wakara wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe. Ya pili ni Wamatengo wa milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, upande wa Ziwa Nyasa. Kati yao umo karibu urefu wote wa Tanzania. Wakara wana mchanga dhaifu uliotokana na miamba. Wamatengo wana miteremko mikali ambayo mvua moja kubwa yaweza kuikwangua. Lakini wote waliulizwa swali moja na ardhi yao: mtu asiye na mahali pengine pa kuhamia, atalimaje pale pale kila mwaka asiuchoshe udongo?

Kisiwa cha Ukara ni kama kilometa za mraba 80 tu, na watu wake ni wengi. Hapakuwa na pori jipya la kufyeka. Basi Wakara waliwafunga ng'ombe ndani, wakawaletea majani, na samadi wakaichukua hadi shambani. Karibu na ziwa walipanda majani ya ng'ombe kama wapandavyo chakula chao wenyewe. Ndani ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, kisha wakaufukia uwe mbolea.

Wamatengo nao, vita vya Wangoni vya karne ya 19 viliwasonga milimani. Huko wakaendeleza kilimo cha ngoro. Majani hufyekwa, yakalazwa kwa mistari inayokatana hata yafanye miraba. Udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika majani hayo, na juu yake zikapandwa mbegu. Majani huoza yakawa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutulia katika mashimo badala ya kukimbilia bondeni na udongo. Ukiutazama mlima kwa mbali, wadhani ni sega la nyuki.

Hakuna Bwana Shamba aliyewaamuru watu hawa. Tukumbuke yaliyotokea Uluguru, mahali ambapo serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Kukinga udongo kulikuwa jambo jema. Kosa lilikuwa kumwamuru mwenye shamba kabla ya kumwuliza.

Tusidhani kosa hilo liliondoka pamoja na wakoloni. Mwaka 1972, kule Iringa, TANU ilitangaza ya kuwa Siasa ni Kilimo, ikawataka viongozi wakijue kilimo. Hata leo mtaalamu afikaye kijijini na karatasi mkononi, akaondoka kabla hajaliona shamba, hajalitii neno lile.

Lakini kusifu peke yake ni kazi rahisi mno. Katika ngoro, mwanamume hufyeka, na kuchimba huwaangukia wanawake kwa sehemu kubwa. Kahawa ilipoingia, mara nyingi fedha yake ilishikwa na mwanamume. Maarifa yanayosimama juu ya mgongo wa mama mmoja hayatadumu; binti aliyesoma atayakimbia, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Na huko Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, wengi wao wakitoka gulioni. Yafaa nini kuuhifadhi udongo, ikiwa njia ya kwenda sokoni haina salama?

Kwa hiyo twatoa shauri. Viongozi wa Chama na wa Serikali hufanya ziara kila mwaka. Wakulima nao wapewe ziara zao. Wakara wapelekwe Mbinga waione ngoro, na Wamatengo wapelekwe Ukara waione samadi inavyotunzwa. Katika kila msafara nusu wawe wanawake, kwa kuwa ndio washikao jembe. Bwana Shamba afuatane nao, asikilize kwanza, ndipo aseme. Na gharama zisiwaangukie wakulima.

Twajua wapo watakaosema fedha hazitoshi. Twawajibu: nauli ya wakulima 20 ni ndogo kuliko hasara ya mlima uliokwisha kuteremkia mtoni. Udongo una walimu wake, nao wangali hai. Tuwaendee kabla hawajatutoka.