Misuli ya paja: Kwa nini picha za Kibaha na Kisarawe zina thamani

KWA miaka mingi wanafunzi wa udaktari wamefundishwa kwamba mbele ya paja la binadamu kuna msuli mkubwa wenye vichwa vinne. Vichwa hivyo hukutana juu ya goti, na ndivyo vinavyomwezesha mtu kunyoosha mguu, kupanda ngazi na kuinuka alipoketi. Hesabu hiyo ya nne imo vitabuni na katika mitihani.

Mwaka 2016 hesabu hiyo iliingia dosari. Daktari bingwa wa mifupa wa Uswisi, Karl Grob, na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miguu 26 ya maiti, wakaeleza kwamba kati ya msuli wa nje na ule wa katikati wamekuta msuli mwingine wa tano, wenye mshipa wake wa fahamu na wa damu. Mwaka 2021 watafiti wa Poland walichunguza miguu 106, na zaidi ya nusu ya miguu hiyo ilikuwa na kichwa cha ziada, tena si cha umbo moja.

Kwa mkazi wa Kibaha au Kisarawe habari hiyo yaweza kuonekana ya mbali. Lakini paja ni kiungo chenye kazi kubwa katika hospitali za Mkoa wa Pwani. Hospitali ya Tumbi, iliyoanza kama kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordic uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, iko kando ya barabara kuu ya Morogoro. Majeruhi wa mabasi, malori na pikipiki hufikishwa hapo, na kuvunjika kwa mfupa wa paja ni miongoni mwa majeraha makubwa ya ajali za namna hiyo.

Aidha, mtoto anayepelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 huchomwa chanjo katika msuli wa nje wa paja. Sehemu hiyo huchaguliwa kwa sababu iko mbali na mishipa mikubwa ya fahamu na damu. Hasara ya sindano kuingia pasipostahili inajulikana Afrika Mashariki. Nchini Uganda madaktari wameripoti watoto waliobaki na makovu ya misuli ya makalio, wakashindwa hata kuchuchumaa, baada ya kuchomwa sindano mara kwa mara, hasa za kwinini.

Liko pia jipu la ndani ya misuli, ugonjwa wa nchi za joto ambao hupenda zaidi misuli mikubwa ya paja. Mgonjwa huja na homa na maumivu, na kwa siku za mwanzo ngozi yake huweza isioneshe kitu. Daktari asiyejua usaha umekaa kati ya misuli ipi anaweza kupasua akaukosa.

Upasuaji bila picha

Swali ni kama picha za hospitali zinaweza kusaidia kujua paja la mtu wa Pwani limepangwaje. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, huonesha mfupa vizuri, lakini misuli hubaki kivuli kisicho na mipaka. Mashine ya CT huonesha misuli kwa vipande, ila hutumia mionzi, na si haki kummulika mtu mzima wa afya kwa ajili ya udadisi tu. MRI haina mionzi hiyo na ndiyo inayotenganisha misuli vizuri zaidi, lakini ni ghali na haipatikani katika kila hospitali.

Ni kweli kwamba hali imebadilika. Sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, uliotangazwa kuwa Sh1.3 trilioni, ilielekezwa katika ununuzi wa mashine za CT za hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, mashine ya mkoa ina foleni ya waliopasuka vichwa, na hakuna atakayekubali mgonjwa huyo asubiri ili msuli wa paja upimwe.

Chombo kinachobaki ni ultrasaundi. Haina mionzi, bei yake ni nafuu, nayo imezoeleka katika hospitali za wilaya kwa ajili ya wajawazito. Inaweza kupima unene wa msuli, kuonesha mpaka kati ya msuli na msuli, na kubainisha usaha. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea mkono wa anayeishika: wapimaji wawili wanaweza kuleta vipimo viwili.

Mfano upo jirani. Nchini Kenya watafiti walitumia ultrasaundi kupima miguu ya wanariadha wa mbio ndefu, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba wanariadha hao wana kano ndefu za msuli wa nyuma ya mguu wakilinganishwa na Wajapani waliopimwa nao. Kazi hiyo, hata hivyo, ilihusu mabingwa. Mkulima wa mihogo wa Kisarawe na mama lishe wa Kibaha hawakuwamo.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa madaktari bingwa wa picha haina nafasi ya kuhesabu vichwa vya misuli. Hoja hiyo ni nzito, lakini inasahau jambo moja. Msumari wa SIGN, unaotumika nchini kuunga mifupa ya paja, ulibuniwa ili daktari aweze kuufunga bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Daktari wa namna hiyo huongozwa na vidole vyake na ramani aliyo nayo kichwani. Asiye na picha ndiye anayehitaji zaidi ramani iliyo sahihi.

Ridhaa kwanza

Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Mgonjwa anayepimwa paja kwa sababu ya jipu anaweza kupimwa na paja la pili, lililo zima, kwa dakika chache, na vipimo vikaandikwa pamoja na umri, jinsia na kazi yake. Tahadhari ni kutogeuza tofauti hizo kuwa za kabila au rangi: miguu ya Uswisi na Poland ilitofautiana yenyewe kwa yenyewe.

Pia hapana budi ridhaa itangulie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na utafiti wa tiba hauna budi kupata kibali cha maadili. Mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili anachopimwa na kwa nini, na akikataa, matibabu yake yasipungue.

Yakizingatiwa hayo, faida itarudi pale pale ilikotoka: kwa muuguzi anayeshika sindano Kisarawe, na kwa daktari wa Tumbi anayempokea majeruhi usiku.